Koti Lililopigwa Bandi

Siku ya kwanza kazini nilivuliwa karibu kila kitu nilichojipambia. Nilikuwa nimeamka alfajiri nyumbani, mtaa wa Kwa Mrombo, nikapaka rangi ya kucha, nikavaa hereni ndefu, bangili tatu na mkufu wa dada yangu, kwa sababu sikuwa nimewahi kuajiriwa maishani na niliona ajira ni kitu cha kwendea umependeza. Mkuu wa hifadhi ya mavazi pale makumbusho ni mwanamke wa Kimeru aliyenizidi elimu mbali sana, nami nimemzidi umri. Aliniamkia shikamoo. Nikamwitikia marahaba bosi wangu mwenyewe, jambo lililonipa raha ya ajabu, na nikiwa bado katika raha hiyo akaniletea kibakuli cha plastiki. Hereni humo, bangili humo, mkufu, saa, hata pini ya nywele. Rangi ya kucha aliifuta mwenyewe kwa pamba huku akiniomba radhi. Pete ya ndoa iligoma, ikabidi tuende kwenye sinki na sabuni, mimi navuta na yeye anavuta, na ilipochomoka tulicheka mpaka mlinzi akaja kuchungulia.

Alinieleza kwamba kitu chochote kinachoning'inia kinaweza kunasa uzi wa nguo yenye umri unaotuzidi sote wawili, na kwamba losheni niliyojipaka ingeacha doa lisilotoka. Nikanawa mikono mpaka viwikoni. Nilijiona kama daktari wa upasuaji, na sioni aibu kusema hivyo.

Kabla ya hapo nilikuwa na studio Ngarenaro, katikati ya fundi wa rejeta na duka la magodoro. Kwa miaka kumi na minane nilipiga picha za pasipoti, ubatizo, kipaimara, sendofu na harusi zisizo na idadi. Halafu kila mtu akawa na simu yenye kamera nzuri, na wapwa wa maharusi wakawa wanapiga picha bure. Nilikuwa nimeanza kukaa mlangoni nikiangalia bodaboda zinavyopita. Mwenzangu wa kwaya ndiye aliyeniambia kwamba makumbusho wanatafuta mtu wa kupiga picha mkusanyiko wote wa mavazi na vitu vya ubunifu, kimoja baada ya kingine, ili kila kitu kiwe na kumbukumbu yake. Nilipewa mwezi mmoja wa majaribio. Nikipita, mkataba wa miaka miwili. Nisipopita, narudi kwenye pasipoti. Niliitaka kazi ile kwa tamaa ambayo sikuwa nimeisikia tangu nikiwa msichana, na nilikuwa nimemwambia kila mtu mtaani kwamba nimeipata, kana kwamba neno majaribio halikuwemo kwenye barua.

Chumba cha hifadhi kiko ghorofani, madirisha yamezibwa kwa kitambaa cheusi. Mlima Meru uko pale pale nyuma ya kioo, lakini jua hula rangi ya nguo, kwa hiyo mlima hatuuoni. Mimi niliyeishi kwa kukimbiza jua, nikiwapanga maharusi bustanini kabla wingu halijafunika, nilidhani nitachoka kukaa gizani. Sikuchoka hata siku moja. Kila sanduku lilipofunguliwa moyo ulinienda mbio. Joho la kwaya ya Kilutheri, kola imefubaa pale jasho la shingo lilipokuwa likikaa kila Jumapili. Kaunda suti ya mwalimu, mfuko mmoja umelegea kwa sababu ya kalamu. Sari ya hariri yenye nyuzi za fedha, nzito mpaka tukaibeba wawili. Katambuga ambazo namba ya tairi bado inasomeka chini ya kisigino. Kulikuwa na sketi ya ngozi ya mama mmoja wa Terrat, yenye shanga kuanzia kiunoni hadi kwenye pindo, na bado ilikuwa inanukia moshi na mafuta. Niliinamia nikainusa. Bosi akaniona, nikajua nimeharibu, kumbe naye huinusa kila akiifungua.

Taratibu nilizishika haraka. Karatasi ya kijivu chini, namba ya kitu pembeni, rula, kadi ndogo ya rangi ili wekundu wa pichani uwe ndio wekundu wa nguo. Mikono ya nguo inajazwa karatasi laini isijikunje. Nguo kuukuu haining'inizwi, inalazwa. Na raha iliyoje kufanya kazi na mteja wa namna hiyo. Nguo haipepesi macho. Nguo haina shangazi anayesimama nyuma ya mpiga picha akilalamika kwamba bibi harusi hajatabasamu. Jioni nilirudi nyumbani nikimsimulia mume wangu habari za vifungo na mapindo mpaka akaniomba nimwache ale.

Sasa kuna tabia moja ya studio ambayo lazima niieleze, maana ndiyo iliyokaribia kunitoa kazini. Kwetu picha husafishwa. Mtu akija na chunusi, chunusi inaondoka. Kovu linapungua, weusi wa chini ya macho unafutwa, meno yanang'arishwa kidogo. Mteja haombi, na ukimkabidhi picha yenye chunusi yake atakuona umemdharau. Huko ndiko kumsitiri mtu, na mimi nilikuwa na sifa Ngarenaro yote kwa kusitiri vizuri, kiasi kwamba mteja mwenyewe hakujua ni nini kimeondolewa. Bosi alikuwa ameniambia siku ya kwanza nipige kitu kilivyo. Nilimwelewa kwamba nisikipambe kwa maua na mataa ya rangi. Haikunipitia akilini kwamba hata kumsitiri mtu kumo katika katazo hilo. Wiki mbili za kwanza alikaa nami bega kwa bega na nguo zilikuwa nzima, kwa hiyo tabia hiyo ililala.

Wiki ya tatu alisafiri kwenda Dar kwenye mkutano. Kabla ya kuondoka, akiwa tayari na begi begani, alinionyesha sanduku moja juu ya meza. Ndani mlikuwa na koti la suti la fundi mmoja wa Kihindi wa hapa mjini, ambaye sasa ni marehemu. Binti yake alikuwa amelileta tulitazame, lakini hajasaini karatasi ya kutukabidhi. Angekuja Alhamisi kuona picha, na akiridhika angesaini. Bosi alisema amelitafuta koti la namna hiyo tangu aanze kazi. Akaniambia ananiamini, akateremka ngazi akikimbilia basi.

Hilo neno la kuaminiwa lilinipanda kichwani.

Koti lilikuwa la bluu iliyoiva, karibu nyeusi, la sufu, na halijakamilika. Mikono imeshikizwa kwa bandi, zile nyuzi nyeupe ndefu ambazo fundi hupiga kwanza ili apime kabla ya kushona kabisa. Kola imejaa bandi za mshazari. Halina vifungo wala matundu ya vifungo. Kifuani na mabegani kulikuwa na mistari ya chaki na alama za msalaba. Nilipiga mbele, nikapiga nyuma, nikaziweka picha kwenye kompyuta, nikaanza kumwonea huruma marehemu. Binti anakuja kuona kazi ya baba yake, nami nimwonyeshe nyuzi na chaki? Niliona ni sawa na kumpiga bwana harusi picha akiwa bado na povu la kunyolea.

Nikalisafisha. Ilinichukua siku nzima na nusu, na ninakiri kwamba nilizifurahia. Nilifuta bandi uzi mmoja mmoja. Nilifuta chaki. Nilinyoosha bega la kushoto lililokuwa limeshuka kidogo. Mwishoni nililiona bado lina upungufu, basi nikatoa vifungo kwenye picha ya ile kaunda suti ya mwalimu, nikavipaka rangi, nikaliwekea. Likatoka koti la kumvalisha waziri. Nililitazama nikasema leo nimefanya kazi.

Alhamisi akaja. Mama wa miaka sitini hivi, mwenye duka la vitambaa mjini, amevaa shalwari ya kijani na miwani inayoning'inia kwa mnyororo. Nilimwamkia, akaniitikia marahaba mwanangu, akauliza habari za kazi, akakaa mbele ya kompyuta na mkoba wake magotini. Nilifungua picha huku nikijizuia nisitabasamu kabla ya wakati.

Alivaa miwani. Akatazama kwa muda mrefu sana.

"Nani amelimaliza?" akauliza.

Sikumwelewa. Nikasema ni lile lile koti lake, mama. Akasema koti la baba yake halina vifungo. Sauti yake haikupanda, lakini mkono ulikuwa umeubana mkoba. Akataka alione koti lenyewe sasa hivi. Nikafungua sanduku, nikaondoa karatasi, na koti lilikuwa pale na bandi zake zote. Alizikagua kwa macho mstari kwa mstari, mikono ameiweka nyuma, kisha akatafuta kiti.

Ndipo aliponieleza. Koti lilikuwa la kijana mmoja aliyekuwa akijiandaa kuoa, mtoto wa mkulima wa kahawa wa kule mlimani. Alikuja kupima mara ya kwanza, fundi akamwekea alama, akamwambia arudi baada ya wiki. Ndani ya wiki ile fundi aliugua na hakuamka tena. Familia ilimwita yule kijana, ikamwambia wapo mafundi wengine, wanaweza kulimalizia, harusi iko karibu. Alikataa. Alisema koti lile lina fundi wake. Akaoa akiwa na koti la kuazima, na hili likabaki kabatini kwa familia ya fundi miaka yote jinsi lilivyotoka mikononi mwa mzee. Hakuna aliyewahi kulitia sindano, si yeye binti wala kaka zake, ingawa wote wanajua kushona.

Nikamweleza na mimi nilichofanya. Nilisema nilitaka kumheshimu baba yake.

"Heshima hiyo ungeniuliza kwanza," akasema. "Jumatatu saa nne nitakuja kulichukua."

Alikunja karatasi ya makabidhiano bila kuisaini, akairudisha mezani, akaniaga vizuri tu. Angenigombeza ningepata nafuu. Nilibaki nimesimama na koti la watu, na aibu niliyokuwa nayo ilikuwa ya mwili mzima, mpaka masikio yalikuwa ya moto.

Usiku ule nilitunga uongo wa kila aina. Kompyuta imeharibu faili. Umeme ulikatika. Mama hakuelewa. Ijumaa bosi aliporudi, kabla hata hajatua begi, nilimwambia ukweli kwa sababu niligundua siwezi kukumbuka ni uongo upi niliochagua. Nilimwonyesha picha. Alipofika kwenye vifungo alisogeza kiti karibu, akavikuza, akanitazama, akavitazama tena. Akauliza kama ni vya kaunda suti. Nikasema ndiyo. Nadhani kuna sehemu yake ilitaka kucheka, lakini haikupata nafasi.

"Dada, umemfanyia marehemu kazi ambayo hakukuomba," akasema.

Kisha akanieleza, kwa upole ulioniuma zaidi, kwamba nguo nyingi zinazoletwa zimekamilika, na mshono ukishakamilika mikono ya fundi haionekani tena. Koti hili ndilo lilikuwa bado limeshikwa na mikono hiyo. Nilichofuta ndicho alichokuwa akikitafuta. Nilimwambia picha za mwanzo ambazo sijazigusa ninazo. Akazitazama, akatikisa kichwa. Nilikuwa nimepiga mbele na nyuma tu, kama mtu anayepiga bwana harusi. Ndani sikupiga. Chini ya kola sikupiga.

Nilimuuliza kama majaribio yangu yameishia hapo. Aliniambia nije kesho yake saa mbili asubuhi, ingawa ni Jumamosi.

Ile Jumamosi naihesabu kuwa siku yangu ya kwanza kazini kwa kweli. Bosi alizima taa zote mbili nilizozoea, akaniambia nichukue moja, niishushe mpaka iwe usawa wa meza, nimulike kutoka ubavuni. Miaka yote nilikuwa nimemulika watu kutoka mbele na juu, kwa sababu mwanga wa hivyo huficha. Mwanga wa ubavuni hauna adabu. Nilipouwasha, koti lile lililokuwa bapa likainuka. Kila uzi wa bandi ukawa na kivuli chake. Ungeweza kuona pale fundi alipovuta kwa nguvu na pale alipolegeza, ungeweza kuona kwamba alishona akitoka kulia kwenda kushoto. Lile bega la kushoto nililolinyoosha kwa kompyuta lilikuwa limeshushwa kwa makusudi, limewekewa mstari wa chaki na alama mbili, na bosi akanieleza ni kwa sababu kijana mwenyewe alikuwa na bega moja limeshuka. Mzee alikuwa amemsitiri mteja wake kwa kitambaa, na mimi nilikuwa nimemfuta.

Nilisahau kabisa kwamba niko kwenye hatari ya kufukuzwa. Tulifungua upande wa ndani, ambao bitana ilikuwa bado haijawekwa, na kwenye kile kitambaa kigumu cha kifuani kulikuwa na tarakimu za Kigujarati kwa penseli, moja imekatwa na kuandikwa upya. Nilipiga. Tukageuza, nikapiga. Nilikuwa nikiongea peke yangu. Bosi alikuwa amepiga magoti sakafuni akishika karatasi ya kurudishia mwanga, na nilikuwa nikimwamuru sogea, inua, rudi, naye anatii.

Halafu tukainua kola.

Upande wa chini wa kola ni kitambaa kizito cha kijivu ambacho mvaaji hakioni na mtu mwingine hakioni pia. Katikati yake, iliyoachwa kwa chaki ya bluu, ilikuwepo alama ya kidole gumba. Nzima, na mistari yake yote. Fundi alikuwa ameishika kola kwa vidole vyenye chaki ili aikunje, kisha akaikunja, na kola ikakaa imekunjwa hivyo tangu siku ile. Bosi alinong'ona nisipumue. Nilikuwa nimeshaacha kupumua. Nilipiga mara nyingi kuliko ilivyohitajika, kisha nikaweka kamera kwenye stendi nikapiga tena.

Jumatatu saa nne mama alifika na mfuko mkubwa wa nguo, mpya, wenye zipu. Alisalimia, akasimama. Bosi alimwomba radhi kwa niaba ya ofisi, kisha akanitazama, nikajua hapo ni pangu. Nilimwomba mama radhi kwa kinywa changu. Nikamwambia koti liko tayari kwenye sanduku, anaweza kuondoka nalo, ila nina picha ambazo sijafuta kitu, na ningependa azione hata kama anaondoka.

Hakukaa. Alivaa miwani akiwa amesimama. Nilimpitisha kwenye bandi, kwenye bega, na kwenye zile tarakimu alizozisoma kwa sauti ya chini kwa lugha yao. Nikafungua picha ya kola. Aliegemea meza. Alisogeza uso mpaka karibu na kioo, akarudi nyuma, akasogea tena.

"Hii iko wapi?"

Nikamwambia, chini ya kola. Akasema miaka yote hiyo hawakuwahi kuiinua. Walikuwa wakifungua kabati, wakilitazama koti, wakifunga. Kisha akacheka kicheko kifupi chenye machozi, akasema baba yake alikuwa na tabia ya kulamba kidole gumba kabla ya kushika chaki, na mama yake alimgombeza kwa hilo mpaka mwisho, kwamba anawachafulia watu nguo. Baba naye alikuwa akijibu kwamba ataifuta hiyo alama kabla mwenye nguo hajaja. Na aliifuta kila mara. Hakuna nguo iliyotoka dukani kwao na alama ya kidole chake.

Alivuta kiti, akakaa. Aliweka ule mfuko wenye zipu chini, miguuni. Akaomba karatasi ya makabidhiano, akaisoma yote tangu juu, akasaini, akaandika na tarehe. Bosi aliipokea kwa mikono miwili. Mimi nilikuwa bado nimesimama kando ya kompyuta, sijui kama niende au nibaki, na mama akanigeukia.

"Piga tena hiyo," akasema. "Karibu zaidi."

Nikamtazama bosi. Bosi akasema mbona nimesimama, si nimesikia, hiyo si kazi yangu? Kwa miaka kumi na minane watu walikuwa wakiniomba nirudi nyuma kidogo, nisiwaone sana. Nilinawa mikono, nikawasha taa ya ubavuni, nikainua kola, nikasogea.